Kabla Useme "Hawa Wahindi", Mjue Makhan Singh

Hii ya leo ni ndefu, kwa hivyo kama uko kwa mat na kuna jam, una bahati.

Wale mmenifuata tangu mwaka jana mnakumbuka ile video yangu ya steji ya Thika. Nilikuwa nimetoka kuachishwa kibarua kwa kiwanda kimoja huko. Sitakitaja jina. Nilikuwa natoka hapa Ngoliba saa kumi na nusu alfajiri ili saa kumi na mbili inikute kwa geti. Natoka saa kumi na mbili jioni. Masaa kumi na mawili nimesimama, malipo ya siku, hakuna barua ya kazi, ukiumwa unabaki nyumbani na hiyo siku imepotea. Wiki ya saba tukafika kwa geti tukaambiwa majina yetu hayako kwa orodha. Basi.

Mwenye kiwanda ni Mhindi. Kwa hivyo nikatoa simu nikarekodi nikiwa bado na hasira. "Hawa Wahindi..." ndivyo nilianza, na mnajua venye hizo video huendelea. Ilivuma kuliko kitu chochote nimewahi kuposti. Watu walinipa hongera ati nimesema ukweli ambao wengine wanaogopa.

Aliyenikosoa alikuwa mmoja tu, na hana hata simu ya intaneti. Binamu yangu alimwonyesha guka hiyo video. Guka amepita miaka themanini. Ujana wake alikata makonge kwa mashamba ya huku, baadaye akafanya kazi za duka Thika mjini. Aliniita jioni, akaniuliza:

"Guka, wewe umefanyia Wahindi wangapi kazi?"

"Mmoja."

"Uliongea naye?"

"Hapana. Nilimwona tu akishuka kwa gari."

"Mimi nimefanyia watatu. Wa kwanza alinilia mshahara wa mwezi mzima. Wa pili alinifunza kusoma namba kwa kitabu cha madeni. Wa tatu hata sura yake nimesahau. Mimi mwenye nimefanyia watatu siwezi kukuambia Wahindi ni watu wa aina gani. Wewe wa mmoja umeshawamaliza wote."

Nilitaka kujibu, nikakosa la kusema. Halafu kuna kitu kingine kilianza kunisumbua. Pale kiwandani, mtu aliyekuwa anatukata pesa, anatutusi na kuchagua nani aingie na nani arudi nyumbani alikuwa supavaiza, kijana wa huku kwetu, tunaongea lugha moja ya mama. Kwa video yangu sikumtaja hata kidogo.

Na kulikuwa na mzee mwingine, Mhindi, wa kuandika vitabu vya stoo. Yeye hakuwa tajiri. Alikuwa anakuja na chakula chake kwa mkebe, na saa ya chakula anaweka simu juu ya meza na kucheza nyimbo za polepole, mtu mmoja anaimba na watu wanaitikia kwa kushangilia. Siku moja nilimwuliza ni nini. Akasema, "Ghazal. Kigujarati." Akanielezea kidogo maana yake, akacheka, akarudi kwa vitabu vyake. Kumbe kuna Mhindi niliongea naye. Nilikuwa nimemsahau kwa sababu hakufaa kwa video.

Hiyo ghazal ndiyo ilinipeleka kutafuta. Na nilichopata mwishoni sicho nilichokuwa natafuta, lakini ni bora zaidi.

Kwanza, ghazal ni nini? Wewe uliyesoma mashairi ya Kiswahili shuleni utaelewa haraka kuliko mwingine yeyote. Ni shairi la beti za mishororo miwili miwili. Lina vina, na baada ya kina kuna neno au maneno yanayorudiwa kila ubeti unapoisha, ndiyo sababu wasikilizaji wanaweza kulidakia kabla mshairi hajamaliza. Kila ubeti unajitegemea, unaweza kuutoa peke yake na bado una maana. Na kwa ubeti wa mwisho mshairi mara nyingi anataja jina lake la ushairi, kama mtu anaweka sahihi. Neno lenyewe ni la Kiarabu. Ushairi huo ukapitia Uajemi, ukaingia Kiurdu, na baadaye ukakaa kabisa ndani ya Kigujarati.

Mshairi wa ghazal wa Kigujarati anayetajwa sana ni Mareez. Jina lake halisi ni Abbas Vasi, alizaliwa Surat mwaka 1917 na akafa Mumbai mwaka 1983. Mareez maana yake ni mgonjwa. Angalia vizuri: hilo neno na neno letu "maradhi" yana babu mmoja, Kiarabu. Huyu jamaa aliacha shule akiwa mdogo, akafanya kazi kwa kiwanda cha viatu vya raba. Kibarua kama mimi! Hapo ndipo nilianza kuona aibu kidogo. Mimi nilidhani lugha ya Kigujarati ni ya kuhesabu pesa tu.

Swali langu lililofuata lilikuwa rahisi. Hawa watu wamekaa Kenya zaidi ya miaka mia moja. Je, hakuna mshairi wao aliyeishi hapa, akaandika kwa lugha ya nyumbani kwao, na maisha yake yakagusa maisha ya watu kama guka? Nilitafuta Mgujarati. Nikampata Mpunjabi. Na nikimtaja utasema unamjua, kwa sababu jina lake hupita shuleni kwa orodha ya watu waliopigania uhuru, kisha kengele inalia.

Makhan Singh.

Alizaliwa tarehe 27 Desemba 1913 katika kijiji cha Gharjakh, wilaya ya Gujranwala, Punjab, sehemu ambayo sasa iko Pakistan. Baba yake, Sudh Singh, alikuwa seremala. Alikuja Kenya mwaka 1920 kufanya kazi ya reli. Makhan alimfuata mwaka 1927, kijana wa miaka 13, pamoja na mama yake. Akasoma shule ya Wahindi ya serikali hapo Nairobi, ile ambayo leo ni Jamhuri High School. Alikuwa na kichwa. Mwaka 1931 akapita mtihani wa London. Hakuendelea na chuo. Baba yake alikuwa ameacha reli na kufungua kiwanda kidogo cha uchapishaji, na Makhan akaingia huko kufanya kazi.

Na alikuwa anaandika mashairi kwa Kipunjabi. Kwa Masingasinga, ushairi si kitu cha kufungia kitabuni. Washairi hukusanyika, mara nyingi hekaluni, na kila mmoja anasimama kusoma kazi yake mbele ya watu, mafundi, makarani, wenye maduka, na watu wanaitikia papo hapo. Ni kama vile malenga wetu wa pwani wanavyojibizana, au kama rap ya mtaani leo. Ukiwa na maneno mengi yasiyo na uzito unaaibika hapo hapo.

Weka hivyo vitu viwili kichwani: kijana anayejua kutafuta neno litakalomwingia fundi aliyechoka, na ana mashine ya kuchapisha. Sasa angalia alivyovitumia.

Nairobi ya miaka hiyo mshahara ulikuwa na rangi. Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, hata kama mikono inafanya kazi ile ile. Huu haukuwa mpango wa bahati mbaya. Ukimpa mtu wa katikati shilingi chache zaidi kuliko wa chini, atakuwa na shughuli ya kulinda hizo shilingi, hatauliza wa juu anapata ngapi. Na wa chini akikasirika, atamkasirikia yule anayemwona karibu, wa katikati. Mimi nikisoma hapo nilijiona. Ile video yangu mkoloni angeipenda sana.

Mwaka 1935 mafundi Wahindi walikuwa na chama chao kidogo cha wafanyakazi. Wakamwita Makhan Singh awe katibu. Alikuwa na miaka 21. Kitu cha kwanza kikubwa kilichofanyika akiwa hapo ni kubadilisha jina na kufungua mlango. Chama cha Wahindi kikawa Labour Trade Union of Kenya, chama cha mfanyakazi yeyote, wa rangi yoyote, dini yoyote. Mwaka 1937 kikapanuka hadi kuitwa cha Afrika Mashariki. Leo unaweza kuona ni kitu kidogo. Wakati ule hospitali, shule, vyoo na mitaa ya kuishi vilikuwa vimegawanywa kwa rangi.

Sasa sikiliza hii, kwa sababu ndiyo iliyonimaliza. Mwezi Aprili 1937 chama kikagoma Nairobi. Madai: masaa nane ya kazi kwa siku na nyongeza ya mshahara. Waajiri waliogomewa ni akina nani? Wengi wao walikuwa makontrakta Wahindi. Watu waliosali naye. Watu waliokuwa wanajua baba yake. Mgomo ukaenda karibu miezi miwili, na ukaisha waajiri wakikubali masaa nane na kuongeza mishahara.

Rudi kwa video yangu. Mimi nilisema shida ni Wahindi. Makhan Singh, Mhindi, miaka karibu tisini iliyopita, aliwagomea Wahindi. Hakuwagomea kwa sababu ya rangi yao, kwa sababu ilikuwa yake pia. Aliwagomea kwa sababu walikuwa wanafanyisha watu kazi kupita kiasi na kuwalipa kidogo. Yeye aliona kitu ambacho mimi nikiwa na simu yangu na data yangu sikukiona: kuna bosi na kuna mfanyakazi, na kila upande una watu wa kila rangi. Yule supavaiza wetu na yule mzee wa stoo na mkebe wake wa chakula walikuwa wananionyesha hicho kitu kila siku.

Na hapa ndipo ushairi unarudi. Chama kilisambaza karatasi za matangazo kwa lugha nyingi: Kipunjabi, Kiurdu, Kigujarati, Kiswahili. Fikiria kazi hiyo. Huwezi kutafsiri tu neno kwa neno. Fundi Mgujarati ana maneno yake ya uchungu, mpakiaji mizigo anayesoma Kiswahili ana yake. Na wengi hawakuwa wanajua kusoma, kwa hivyo karatasi moja ilisomwa kwa sauti na mtu mmoja, wengine wamezunguka. Hiyo ni kazi ya mtu aliyezoea kusimama na kusoma shairi mbele ya watu. Kama unauliza ushairi wake ulienda wapi alipoingia siasa, mimi naona uliingia hapo. Watu wanasema aliacha mashairi akaenda kwa vyama. Mimi nasema alibadilisha wasikilizaji.

Mwishoni mwa 1939, baada ya mgomo mkubwa wa Mombasa mwaka huo, alisafiri kwenda India. Akaenda kuangalia hali ya wafanyakazi Bombay na Ahmedabad, mji wa viwanda vya nguo hapo Gujarat. Mei 1940 Waingereza wakamkamata. Hadi Januari 1945 hakuwa huru: kwanza kizuizini, kisha akafungiwa asitoke kijijini kwao. Alipoachiwa akafanya kazi ya gazeti, kisha Agosti 1947 akarudi Kenya. Serikali ya hapa haikumtaka. Ilijaribu kumfukuza nchini, akapigana nayo mahakamani na akashinda.

Mei Mosi 1949 akaanzisha na wenzake East African Trade Union Congress, muungano wa vyama vya wafanyakazi. Rais alikuwa Fred Kubai, katibu mkuu Makhan Singh. Mkikuyu na Kalasinga kwenye meza moja, ofisi yao Kiburi House, barabara ambayo leo inaitwa Kirinyaga Road. Ukipita hapo kununua spea za gari, jua umepita kwa historia.

Machi 1950 Nairobi ikapewa hadhi ya jiji, na serikali ikaandaa sherehe kubwa. Muungano ukawaambia wafanyakazi wasiende. Jiji la nani, wakati aliyelijenga analala kwa chumba kimoja na watu wanane?

Halafu ikafika tarehe 23 Aprili 1950. Ukumbi wa Kaloleni, Eastlands. Mkutano wa pamoja wa KAU na chama cha kisiasa cha Wahindi, watu wamejaa. Wakati ule viongozi wengi walikuwa bado wanaomba viti zaidi bungeni, marekebisho hapa na pale. Makhan Singh akasimama akapendekeza azimio la uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Si baadaye, si polepole. Miaka miwili na nusu kabla ya hali ya hatari kutangazwa. Miaka 13 kabla ya bendera kupandishwa.

Tarehe 15 Mei wakamkamata yeye na Kubai. Kesho yake Nairobi ikasimama. Mgomo wa jumla ukadumu siku tisa na ukavuka mipaka ya jiji. Polisi, vitoa machozi, watu wakakamatwa mamia. Kati ya madai ya wafanyakazi: viongozi waachiliwe.

Hawakuachiliwa. Makhan Singh alipelekwa mbele ya Jaji Thacker huko Nyeri. Alipoulizwa msimamo wake wa kisiasa hakujificha, alisema wazi yeye ni mkomunisti. Wengine mtashtuka hapo, na mna haki ya kutokubaliana na siasa zake. Lakini kumbuka mtu angeweza kudanganya kidogo akaenda nyumbani kwa mke wake, Satwant Kaur, na watoto wao watatu. Akawekwa kizuizini bila tarehe ya kutoka. Lokitaung, kule juu Turkana. Kisha Maralal. Kisha Dol Dol.

Hii hesabu ifanye mwenyewe. Kenyatta alikamatwa Oktoba 1952, akaachiwa huru Agosti 1961. Makhan Singh aliingia kizuizini Juni 1950, akatoka tarehe 22 Oktoba 1961. Aliingia kabla ya Kenyatta, akatoka baada ya Kenyatta. Zaidi ya miaka 11. Mtu aliingia na umri wa miaka 36, akatoka na 47. Ukiongeza ile miaka ya India, sehemu kubwa ya utu uzima wake ilikuwa chini ya ulinzi wa Mwingereza.

Uhuru ulipokuja alipata nini? Hakupewa uwaziri. Hakupewa cheo kikubwa chochote. Wengine walipata mashamba, na sisi wa Ngoliba tunajua vizuri maana ya kupata au kukosa shamba nchi hii ilipogawanywa. Yeye alirudi kwa kalamu. Akaandika historia ya vyama vya wafanyakazi Kenya hadi 1952, kitabu kikatoka mwaka 1969, na sehemu iliyofuata ikatoka mwaka 1980, yeye akiwa ameshafariki. Alikufa Nairobi tarehe 18 Mei 1973, miaka 59. Karatasi zake ziko Chuo Kikuu cha Nairobi. Kumbe tuna kumbukumbu zake za kutosha. Tatizo ni kwamba hatuziulizi.

Najua kuna mtu tayari anaandika: "Sasa unatetea Wahindi?" Ngoja.

Sitetei bosi yeyote. Niliyopitia kiwandani yalikuwa mabaya na bado ni mabaya. Ubaguzi wa baadhi ya Wahindi kwa Waafrika upo, tumeuona kwa macho yetu, na Makhan Singh si shuka la kuufunika. Mtu mmoja mzuri hasafishi watu wote, kama vile mtu mmoja mbaya hawachafui wote. Hiyo ndiyo hesabu ya guka.

Tena yeye hakuwa peke yake. Mwaka 1921, Manilal Ambalal Desai, huyo sasa Mgujarati kabisa, alimpa Harry Thuku nafasi kwa ofisi ya gazeti lake Nairobi, East African Chronicle, wakati hakuna mchapishaji Mzungu angegusa maneno ya Thuku. Pio Gama Pinto, Mgoa, alipigwa risasi Nairobi Februari 1965. Hawa si wageni waliotusaidia. Ni Wakenya waliolipa.

Ninachosema ni hiki. Ukisema "hawa Wahindi", bosi hapati hasara yoyote. Atasikia, atafunga kioo cha gari, ataendelea. Kesho ataajiri supavaiza mwingine wa kwetu, na vibarua wengine wa kwetu watakuwa kwa geti saa kumi na mbili. Lakini ukisema "masaa nane", ukasema mkiwa mia mbili, ukasema kwa lugha ambayo mwenye stoo, dereva na mama wa kufagia wote wanaelewa, hapo ameguswa. Makhan Singh alijua hivyo mwaka 1937, na tajiri wa wakati huo alijua pia, ndiyo sababu yule wa kumwogopa alifungwa na yule wa kutukana kabila za watu akaachwa atukane.

Nimeangalia pia upande wetu wa leo. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inakupa haki ya malipo ya haki, mazingira mazuri ya kazi, kujiunga na chama cha wafanyakazi na kugoma. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua wa siku akifanya kazi mfululizo kwa jumla ya mwezi mmoja, hawezi kuendelea kuhesabiwa kama wa siku moja moja. Mimi nilifanya wiki sita. Sikujua. Hakuna mwenzangu kwa laini aliyejua. Sisi wote tulijua matusi ya Wahindi, hakuna aliyejua kifungu. Fikiria kama mtu angekuwa ametuchapishia karatasi moja, kwa Kiswahili cha kawaida, akatuwekea hapo kwa geti.

Kwa hivyo nimefanya mambo mawili. Ile video nimeitoa. Najua ndiyo ilileta wengi wenu hapa, na kama mtaondoka, sawa. Ya pili, nimeandika hiyo karatasi. Ukurasa mmoja: masaa, malipo, kibarua wa mwezi, kujiunga na chama. Ya Kiswahili iko tayari. Binamu yangu anafanya ya Kikuyu na rafiki yetu wa upande wa Kilimambogo anafanya ya Kikamba. Ukitaka kuisoma kwa sauti pale unapofanya kazi, niandikie nikutumie.

Wiki iliyopita nilienda Thika na nikapita nje ya kile kiwanda saa ya chakula. Sikuingia, kwa geti hawaniruhusu. Nilimngoja yule mzee wa stoo hadi akatoka kununua maziwa. Alinikumbuka. Nikamwuliza kama anamjua Makhan Singh. Akasimama kidogo, akasema baba yake alikuwa anamtaja, kisha akaniuliza mimi nimemjulia wapi.

Nikampa karatasi yangu ya Kiswahili. Aliisoma yote akiwa amesimama hapo kando ya barabara, polepole, hadi mwisho. Akaikunja mara nne akaiweka mfukoni.

"Hii," akasema, "nitaiandika Kigujarati."